Miwani Yenye Dawa

"Naomba mtu yeyote asiiguse," alisema fundi Theonest, huku akitandika kitambaa cheupe juu ya meza yake.

"Mimi nimeigusa siku ishirini na tatu," alijibu Mama Melania. "Wengine ndio wasiiguse."

Sajini Coletha alijishughulisha na daftari lake. Alikuwa amemfahamu mama huyu kwa wiki moja tu, lakini alikwisha kujua kwamba haamrishwi. Polisi wa Kahama walimwomba kielelezo hicho mara mbili, na mara mbili aliwajibu kwamba maelezo yake waliyoyaandika wenyewe yaliwapotea, sasa hiyo miwani wangeiweka wapi? Ndiyo maana Coletha alilazimika kukisafirisha kielelezo pamoja na mwenyewe, saa tatu za vumbi ndani ya Land Rover, kutoka machimbo ya dhahabu ya Ilindamawe mpaka hospitali hii ya misheni upande wa Ushirombo. Hapa ndipo alipokuwa Theonest, mtu pekee wa sehemu zile aliyesaga lenzi za miwani kwa mikono yake.

Mama Melania alikunjua shati la mwanawe na kuitoa miwani. Ilikuwa ile mikubwa ya kukinga macho, ya mpira mweusi, yenye vioo viwili vya duara na ukanda wa kufunga kisogoni. Kioo cha kushoto kilikuwa kizima, kinang'aa zambarau ukikielekeza kwenye mwanga. Cha kulia kilikuwa kimepasuka na kubaki nusu, kama mwezi. Kwenye ile nusu iliyobaki ndani ya fremu, karibu kabisa na ukingo, palikuwa na alama ndogo iliyokwaruzwa: duara lenye mkia.

Theonest aliinamia alama hiyo akiwa na kioo chake cha kukuzia. Alikaa hapo muda mrefu kuliko Coletha alivyopenda.

"Nani alichora hapa?" aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Melania.

"Kwa kutumia nini?"

"Kipande cha jiwe jeupe. Lile wanaloponda."

Theonest aliguna. "Jiwe lile lina nguvu kuliko kioo. Linakikata."

Hapo Coletha aliacha kuandika, maana hayo ndiyo maneno aliyoyakimbia kutoka Ilindamawe. Jalada lilisema hivi: Thobias, kijana wa miaka ishirini na miwili, mtoto pekee wa mjane Melania, alikuwa akiponda mawe ukingoni mwa shimo asubuhi ya tarehe nne Agosti, 1982. Akateleza. Akaangukia shimoni, futi sitini, akafa. Ajali. Jalada halikusema kwamba kabla ya kuteleza alipiga ukelele, akashika jicho la kulia kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua nne bila kuona anakokwenda. Wachimbaji sita waliona, lakini wachimbaji wasio na kibali hawapendi kuandikwa majina na polisi.

Kila mtu pale machimboni alikuwa na miwani kama hiyo, na kila mtu alikuwa ameinunua kwa Valerian. Aliiita "miwani yenye dawa". Kila siku ya gulio alisimama juu ya kreti la soda, akatundua miwani moja ukutani, akaangushia kichwa cha nyundo juu ya kioo, pu! Kioo kizima. "Hii ni dawa ya Mjerumani!" alipiga kelele. "Mnaona hiyo zambarau? Imepakwa kiwandani. Cheche haipiti, jua halichomi, jiwe linadunda!" Watu wakanunua. Halafu kila mmoja, akifika kwake, akachora alama yake kwenye kioo kwa kipande cha jiwe jeupe, kwa sababu miwani ilikuwa inaibwa zamu kwa zamu. Thobias aliibiwa ya kwanza. Ya pili akamletea mama yake aichore, na mama akachora chapa ya ng'ombe wa babake, ile wanayowachoma nayo ubavuni huko kwao Kishapu.

Siku ya tatu ya msiba Valerian alikuja na sukari kilo mbili, katika mwaka ambao sukari ilikuwa haionekani hata kwa dawa. Akapokelewa kama mfalme. Akaomba kuiona miwani. Akaigeuza, akaona ile chapa, akatikisa kichwa mbele ya waombolezaji wote.

"Mama, hii si miwani tena. Kioo hiki ukikikwaruza kinakufa. Nani aliyechora hapa?"

Wote walijua nani.

"Mungu akusamehe," alisema Valerian, akapokea kikombe chake cha chai.

Tangu siku hiyo wanawake walisogea pembeni Mama Melania alipofika kisimani. Hakuna aliyemtukana. Walisogea tu, kila mmoja na ndoo yake. Padri alimwambia asamehe, naye akamjibu padri kwamba kwanza aambiwe wa kusamehewa ni nani, kama ni mtu mwingine au ni yeye mwenyewe. Na siku ya kwanza alipokutana na Coletha hakulia wala hakueleza mambo mengi. Alisema: "Mayu, mama yangu, kama ni mimi niliyemuua, niambie nijue. Kama ni yule, nipe."

Sasa fundi alikuwa ameguna.

"Ina maana Valerian alisema kweli?" aliuliza Coletha.

"Kwa hilo alisema kweli. Kioo cha kukinga macho hukipiki kama kioo cha kawaida." Theonest alinyoosha mgongo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani minene, na alizungumza polepole kama anayewafundisha wanafunzi wa darasa la pili. "Kinatiwa kwenye tanuri mpaka kinakaribia kulainika, kisha kinapulizwa hewa ya baridi ghafla, pande zote mbili. Ngozi ya nje inakaza kabla ya nyama ya ndani. Ndani inavuta, nje inabana. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwenye ngozi. Ukiikata ngozi, umeipunguza nguvu."

Mama Melania aliliangalia shati.

"Lakini subiri mama," alisema Theonest. "Sijamaliza. Hayo ni ya kioo kilichopikwa. Hiki sijui kama kimepikwa."

Alivuta droo, akatoa miwani kuukuu ya jua. Aliachiwa na padri mmoja mzungu aliyerudi kwao. Akaing'oa lenzi zote mbili kwa bisibisi ndogo, akaenda dirishani.

"Hizi si za giza tu. Zinachuja mwanga. Tazama, sajini." Aliziweka lenzi mbili pamoja, akamwonyesha jua la nje, likapita. Akaizungusha moja robo mzunguko. Pakawa giza, kama mtu amefunga dirisha. "Sasa katikati naweka kioo changu mwenyewe cha kazi. Hiki kimepikwa, nilikiagiza Mwanza."

Coletha alitazama. Ndani ya lile giza, kioo cha fundi kiliwaka, na katikati yake palisimama msalaba mweusi, mnene, usio na mawaa.

"Huo msalaba ni nini?"

"Ni ile kubana na kuvuta iliyomo ndani. Jicho tupu halioni. Hizi zinaona. Kioo kilichopasuka hakisemi tena kitu, maana kikishapasuka kinapumua. Lakini huyu marehemu ametuachia cha kushoto."

Akakifungua kioo cha kushoto kutoka kwenye mpira na kukiweka katikati ya lenzi zake mbili.

Giza. Alikizungusha. Giza. Akakisogeza juu, chini. Giza tupu.

"Mama, njoo uone," alisema Theonest.

Mama Melania alichungulia. "Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo. Hamna kitu. Hiki hakijawahi kuliona tanuri." Alikipitisha kidole ukingoni, akakwangua kitu cheupe kwa ukucha, akakinusa. "Pati. Ile ya kushikilia vioo vya madirisha. Na unene wake ni ule ule. Fremu ni halali, ya kiwandani, lakini mtu ameng'oa vioo vyake, kama vilikuwapo, akakata vya dirisha kwa kalamu ya almasi, akavitia."

"Na dawa ya Mjerumani?" aliuliza Coletha.

Theonest alichovya pamba kwenye spiriti, akafuta kioo mara moja. Pamba ikatoka zambarau. Aliinusa, akacheka kwa hasira.

"Dawa ipo kweli. Utando wa kiwandani unapikiwa juu ya kioo ndani ya chombo kisicho na hewa, hata ukifuta mwezi mzima hautoki. Hii ni dawa ya zambarau ya vidonda, imechanganywa na vanishi. Wanapaka watoto midomoni hapo wodi namba tatu."

Coletha aliandika yote, kila neno na saa yake. Lakini Mama Melania hakuwa akisikiliza habari za vanishi.

"Fundi," alisema. "Hata kioo cha dirisha ukikichora kinakatika. Mimi nimewaona mafundi. Wanachora, halafu wanavunja."

Ilikuwa kweli, na Coletha alimwonea uchungu mtu mwenye akili ya kujihukumu namna hiyo. Theonest hakujaribu kumpoza. Aliichukua fremu yenye ile nusu ya kioo, akampa kioo cha kukuzia.

"Kioo kilichochorwa kinakatika pale pale kilipochorwa. Chapa yako iko wapi?"

"Hapa ukingoni."

"Imekatika?"

Mama Melania aliinama. Ilichukua muda. "Haijakatika. Nzima yote. Na mkia wake."

"Sasa fuata nyufa. Zote zinatoka wapi?"

"Zinatoka huku kati. Hapa palipo kama nukta."

"Hapo ndipo jiwe lilipopiga. Nyufa zimetoka kati zikaenda kila upande, na hata moja haikupita kwenye chapa yako. Kipande ulichochora ndicho kilichobaki kwenye fremu, mama. Kilichomwingia mwanao hukukigusa."

Mama Melania alikiweka kioo cha kukuzia mezani taratibu. Coletha alitarajia machozi. Badala yake mama alianza kulikunja shati, mkono kwa mkono, ukosi juu, kama anayelipeleka kwa mwenyewe.

"Basi ni yule," alisema. "Nipe."

* * *

Kumpa haikuwa rahisi. Inspekta Kamili, mkuu wa upelelezi aliyekuja kutoka Shinyanga, alikuwa amempa Coletha mpaka Alhamisi. "Alhamisi nasaini jalada," alisema, "na wewe unarudi kwenye kesi za wizi wa ng'ombe." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sheria, na swali lake lilikuwa moja: "Utathibitishaje kwamba Valerian alijua? Muuza samaki hali samaki wote anaowauza. Atasema na yeye kauziwa."

Coletha alilala na swali hilo siku mbili. Alhamisi asubuhi, siku ya gulio, alikwenda na konstebo mmoja kwenye kibanda cha Valerian akiwa na hati ya upekuzi. Mwenyewe alikuwa bado hajarudi kutoka Kahama kufuata mali. Wakamchukua Mzee Pantaleo, mjumbe wa nyumba kumi, awe shahidi. Ndani walikuta miwani kumi na tatu: kumi na mbili ndani ya kreti, na moja imetundikwa kwenye msumari ukutani, ile ya maonyesho.

Coletha alikuwa ameziazima zile lenzi mbili za padri. Alizishika mlangoni penye jua, akapitisha miwani moja baada ya nyingine. Kumi na mbili giza. Ile ya msumarini ikaonyesha msalaba.

"Mzee, umeona?"

"Nimeona," alisema Mzee Pantaleo, akajifanyia na yeye ishara ya msalaba, kwa tahadhari tu.

Kwa macho matupu zote zilikuwa sawa: mpira ule ule, zambarau ile ile. Kwa hiyo, Coletha alijiuliza, zikichanganyika kwenye vurugu la gulio, mwenye mali anaijuaje ile isiyovunjika? Alizigeuza moja moja, nje na ndani. Akaipata. Upande wa ndani wa ukanda wa ile yenye msalaba palikuwa na fundo la uzi mwekundu, dogo kama punje ya mtama. Nyingine zote hazikuwa nalo.

Mtu asiyejua hafungi fundo.

Coletha alilifungua fundo lile kwa pini ya nywele. Akachukua miwani nyingine, yenye vioo vya dirisha, akalifunga hapo, mahali pale pale. Kisha akaandika alichokifanya, saa mbili na dakika arobaini, na Mzee Pantaleo akaweka dole gumba chini yake.

"Afande," alisema mzee, "hii si sawa na kutega panya?"

"Ni sawa kabisa, mzee wangu. Na usimwambie panya."

* * *

Kufika saa sita gulio lilikuwa limejaa. Habari ya upekuzi ilikwisha kuenea, na watu waliacha vitambaa na ng'ombe wao wakaja kuzunguka kibanda cha polisi. Meza ilitolewa nje. Miwani kumi na tatu zilipangwa juu yake. Inspekta Kamili alikaa pembeni na jalada lake kwapani, kalamu mfukoni, uso hausemi kitu. Mama Melania alisimama nyuma, mahali ambapo wanawake walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji.

Valerian alikuja mwenyewe, bila kuitwa, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, inspekta," alisema. Alimpita Coletha kama hayupo.

"Marahaba. Mwenye kesi ni sajini, ongea naye."

"Ah, dada. Mmenichukulia mali yangu."

"Sajini," alisema Coletha. "Uliipata wapi mali hii?"

"Kwa mtu wa Nairobi."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, na hata leo umefungwa. Ilipitaje?"

Watu waliguna. Valerian alicheka, akatoa leso. "Afande, kila mtu hapa anajua jinsi vitu vinavyopita. Kama ni kosa la magendo, nipigeni faini."

"Kabla ya biashara ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Zahanati. Miaka minne. Kufunga vidonda."

"Basi hii unaifahamu." Coletha alichukua miwani moja, akaifuta kwa pamba ya spiriti, akaiinua ile pamba juu watu wote waione. Zambarau ilimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Hii ndiyo dawa ya Mjerumani. Ni ile ya kupaka vidonda."

Kelele zilipanda. Mchimbaji mmoja aliivua miwani yake shingoni, akaitemea mate na kuisugua kwa kitambaa. Valerian alisubiri kelele zishuke. Mtu yule alikuwa na moyo wa chuma, lazima tumpe haki yake.

"Mungu wangu!" alisema. "Kumbe nimeuziwa uchafu! Ndugu zangu, tumetapeliwa wote, mimi wa kwanza!"

Inspekta Kamili alikohoa. "Sajini, hoja anayo."

"Anayo, afande." Coletha alimgeukia Valerian. "Kwa hiyo hukujua."

"Ningejuaje? Mimi sitengenezi vioo."

"Wala hujui ipi nzuri na ipi mbovu."

"Kwangu zote ni moja."

"Msibani ulisema miwani ya Thobias iliharibiwa na chapa ya mama yake."

"Nilisema, na bado nasema. Rangi ni rangi tu. Kioo ni kioo. Nyundo naiangushia kila gulio, haivunjiki, watu hawa ni mashahidi. Aliyeua ni aliyechora." Hakumtazama Mama Melania, lakini kidole chake kilielekea huko. "Mimi hizi naivaa yoyote, hata sasa hivi."

"Yoyote?"

"Yoyote ile."

"Vaa basi," alisema Coletha. "Chagua mwenyewe, sikulazimishi. Tutaponda jiwe mbele yako, tumalize ubishi."

Watu walibanana waone. Valerian aliitazama meza, kisha watu waliokuwa wateja wake. Akikataa, biashara imekufa. Akaisogelea meza akitabasamu. Alichukua ya kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole gumba ndani ya ukanda, akairudisha. Ya pili, vilevile. Ya tatu. Ya nne. Mzee Pantaleo alikuwa anahesabu kwa midomo. Kwenye ya saba kidole kilisimama.

"Hii," alisema Valerian. Akaivaa, akaikaza vizuri.

"Una hakika?"

"Leteni nyundo."

Mchimbaji mmoja alitoka na nyundo yake ya ratili nne, lakini hakufika. Mama Melania alikuwa ameshatoka nyuma, akamnyang'anya katikati ya njia.

"Anayeponda ni mimi," alisema.

Konstebo alimtazama Coletha. Inspekta Kamili alinyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Coletha alimwashiria konstebo angoje. Jiwe jeupe liliwekwa juu ya gogo. Valerian alichuchumaa, uso wake ukiwa shibiri mbili kutoka kwenye jiwe, akakunja mikono kifuani kama bwana harusi anayengoja kupigwa picha.

"Piga, mama," alisema. "Usiogope. Labda hapo ndipo roho yako itatulia."

Mama Melania aliinua nyundo. Alikuwa ameponda mawe miaka kumi kumlea Thobias, na aliinua kama mtu wa kazi hiyo, miguu imepanuka, bega limelegea. Nyundo ilifika juu ikasimama dhidi ya jua.

Tusidanganyane: Coletha alitaka ishuke. Alimwona Thobias akirudi nyuma hatua nne na mikono usoni, akakiona na kile kikombe cha chai msibani, na akaona kwamba akinyamaza kidogo tu, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, hakuna mahakama duniani itakayomwuliza. Valerian mwenyewe alikuwa amechagua. Watu mia mbili walimsikia.

"Valerian," alisema. "Ule uzi nimeuhamisha."

Kati ya wasiokuwapo kwenye upekuzi, alielewa mmoja tu. Mkono wa Valerian uliruka kisogoni. Ukanda ulinasa kwenye sikio, akauvuta mpaka sikio likachanika, akaitupa miwani ile mbali, akaanguka chali, akajikokota nyuma kwa visigino huku amefunika macho.

"Usipige! Mama, usipige! Ni kioo cha dirisha!"

Nyundo ilibaki juu.

Inspekta Kamili alisimama wima sasa. "Uzi gani?" aliuliza. "Mimi sijasikia habari ya uzi."

"Wala mwingine yeyote," alisema Coletha. "Nimeuandika kwenye daftari tu, na shahidi wangu huyu hapa. Mwambie inspekta, Valerian. Ni uzi gani huo unaokufanya uvue miwani uliyokuwa tayari kufa nayo?"

Valerian alishika sikio lake lililochanika.

"Mimi niliona kwa macho yangu," alisema Mzee Pantaleo kwa sauti ya kikao. "Uzi mwekundu. Ulikuwa kwenye ile isiyovunjika."

Ilichukua muda mfupi kuwaingia. Kisha mchimbaji yule aliyenyang'anywa nyundo akasema, polepole, "Kwa hiyo ile ya maonyesho ilikuwa nzima, sisi wote tukauziwa madirisha." Na nyuma yake mtu akapiga kelele, "Mkuki kwa nguruwe, eeh?" Umati ulisogea mbele. Inspekta Kamili aliingia kati, mkono mmoja juu, mwingine unatafuta pingu, na ndipo Coletha alipoona jalada limeanguka chini na karatasi yake ya "Ajali" inakanyagwa na kila mtu.

Mama Melania alikuwa ameishusha nyundo bila kupiga. Aliifuata ile miwani ilipotupwa, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa kanga, akaiweka juu ya gogo mahali pa jiwe. Akaipiga mara moja.

Kioo hakikudunda. Kiligawanyika vipande virefu, vyembamba, kama visu vya kumenyea ndizi. Alivitazama, akachagua kirefu kuliko vyote, akaenda nacho mpaka alipokuwa Valerian, magotini, pingu mkononi, damu ya sikio ikimchuruzika shingoni. Akakishika mbele ya jicho lake la kulia, karibu kiasi kwamba kope zilikuwa zinakigusa.

Konstebo aliruka. Coletha alimshika mkono.

"Niache, afande, atamtoboa!"

"Ngoja," alisema Coletha.

"Angalia vizuri," alisema Mama Melania. "Hiki kina chapa?"

Valerian hakuthubutu hata kutikisa kichwa. "Hakina."

"Nilikichora?"

"Hukukichora, mama."

"Sijasikia. Siku ile msibani hukusema hivyo kwa kunong'ona. Sema kwa sauti ile ile."

"Hukukichora mama! Si wewe!" Sauti ilimkatika, akairudia, akaipandisha, machozi yanamtoka kwa ile ncha. "Si wewe uliyemuua! Ni mimi!"

Alipiga kelele kiasi kwamba wanawake waliokuwa kisimani, ng'ambo ya gulio, walisimama na ndoo zao, wakageuka wote kutazama.